Kisiki Hakijafa: Shoka, Moto na Nyasi Katika Miombo ya Mpanda

Ndugu zangu, nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na wengine mmeanza kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa Mpanda, na Mpanda si mahali pa kwenda wikiendi ukarudi Jumatatu kazini. Treni inaachana na njia ya Kigoma pale Kaliua, inaingia porini, inakwenda kilomita 210 na kote huko unachokiona dirishani ni miombo, miombo, halafu miombo tena. Kisha unaambiwa umefika. Reli imeishia hapo.

Nilikwenda kulipa deni. Miaka sita iliyopita nilipita eneo moja kusini mwa mji ambalo lilikuwa limetoka kukatwa mkaa. Visiki mpaka macho yanapoishia, majivu, magunia yamepangwa kando ya barabara. Nikapiga picha, nikaandika habari yenye uchungu mwingi, na mhariri akaipa kichwa chenye neno "jangwa". Watu walinipongeza. Siku chache baadaye akanipigia simu mzee mmoja aliyewahi kuwa bwana misitu, sasa mstaafu. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama niliangalia chini. Nikamjibu kwamba chini kulikuwa na visiki. Akacheka, akaniambia nirudi baada ya miaka mitano nimwambie nimeona nini.

Basi nimerudi, mwaka mmoja nikiwa nimechelewa. Pale nilipoandika jangwa sasa kuna kichaka kinachonizidi kimo, na mimi si mfupi. Karibu kila kisiki kimezungukwa na machipukizi. Katikati yake kuna nyasi ndefu, mimea ya kutambaa nisiyoijua, na hapa na pale duara tupu la udongo mwekundu uliookwa, ambapo hapajaota kitu cha maana. Hapo palikuwa na matanuru ya mkaa. Lakini ng'ambo ya njia, umbali wa kurusha jiwe, pana kipande kingine kilichokatwa wakati huo huo, na huko hakuna kichaka kabisa. Ni nyasi tupu. Shoka lile lile, udongo ule ule, mvua ile ile. Kwa nini?

Swali hilo limenifanya nisome mambo ambayo sikuwahi kudhani nitayasoma. Mliozoea siasa hapa mnivumilie leo, ingawa nadhani siasa imo.

Tuanze na miti yenyewe. Miombo ni jina la miti ya jamii ya Brachystegia, na msitu mzima umepewa jina hilo. Humo wamo pia mtundu, mninga, mkurungu, mbula na wengine wengi. Mingi ya miti hii ina tabia moja ambayo mkulima yeyote wa Tabora au Katavi anaijua kwa sababu imemtoa jasho: ukiikata haifi. Mizizi imekwenda mbali na imebeba akiba. Kisiki kinatoa machipukizi kumi, ishirini, yanabanana, mengi yanakufa, mawili au matatu yanakuwa miti. Hata mche wa mninga uliotoka kwenye mbegu unaishi kwa mtindo huo: kila kiangazi unakufa juu, unabaki hai chini, na mvua zikija unatoka tena. Unaweza kufanya hivyo miaka kadhaa, unajenga mzizi kimya kimya, mpaka siku utakapokuwa na nguvu ya kutoa shina litakaloushinda moto kwa kimo. Mwaka 1976 mtaalamu wa mimea Frank White aliandika makala kuhusu kile alichokiita misitu ya chini ya ardhi ya Afrika, yaani mimea ambayo sehemu yake kubwa ya miti imo udongoni na juu yanatokea majani ya kimo cha goti tu. Ukipita unadhani ni magugu. Kumbe umekanyaga msitu.

Sasa mti mkubwa ukiondoka, jua linashuka hadi chini. Nani anafaidika?

Uingereza wana jibu lao la zamani. Huko Suffolk upo msitu unaoitwa Bradfield Woods ambao umekuwa ukikatwa kwa zamu tangu mwaka 1252. Wanakata kipande, wanaacha visiki vichipue, wanahamia kipande kingine, na baada ya miaka mingi wanarudi pale pale. Mwanahistoria wa misitu Oliver Rackham alitumia maisha yake kuwaeleza Waingereza wenzake kwamba maua yao ya msituni yanayowapendeza sana yanategemea shoka hilo: miaka miwili mitatu baada ya kukata, mwanga unaingia na maua yanalipuka, kisha machipukizi yanafunga kivuli na maua yanatulia kusubiri zamu ijayo. Kwa hiyo kule, kukata ni neema kwa mimea ya chini.

Ukiichukua hadithi hiyo ukaileta Katavi bila kuitazama vizuri, utaharibu. Mwanga ukishuka kwenye miombo, wa kwanza kuukamata ni nyasi. Misitu ya Suffolk ina unyevu na haiungui kirahisi. Sisi tuna miezi mitano au sita bila mvua, na ikifika Septemba nyasi hizo zimekuwa petroli iliyosimama. Kwa hiyo kila ukatapo miti unaongeza nyasi, na kila unapoongeza nyasi unaongeza moto. Machipukizi ya mwaka wa kwanza na wa pili yana kimo cha kuungulia humo humo. Kisiki kinachipua tena, kinaungua tena, na kila mara akiba ya chini inapungua.

Ng'ambo ya njia, pale kwenye nyasi tupu, niliambiwa na watu wa jirani kwamba panaungua kila mwaka mwishoni mwa kiangazi. Upande wa kichaka kuna watu wenye mizinga, nao huchoma kingo zake mapema, mwezi wa sita, majani yakiwa bado na ubichi. Tofauti yote imo katika miezi mitatu hiyo. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa, na mimi si mtafiti.

Lakini wako waliofanya utafiti, na historia yao ni nzuri. Mwaka 1933, upande wa pili wa mpaka, huko Ndola katika nchi ambayo leo ni Zambia, viwanja vya majaribio viliwekwa ndani ya miombo. Vingine vilichomwa mapema kila mwaka, vingine vilichomwa kwa kuchelewa, vingine vikalindwa visiguswe na moto. Kisha watu wakasubiri, na kusubiri kwenyewe kukawa ndiyo kazi. Colin Trapnell, mtaalamu wa mimea aliyeizunguka nchi ile kwa miguu, alichapisha matokeo mwaka 1959. Pale palipochomwa kwa kuchelewa, miti ilikufa kidogo kidogo na nyasi ndefu zikatawala. Palipochomwa mapema, msitu ulibaki msitu, na nyasi kiasi chini yake. Palipolindwa kabisa ndipo pa kushangaza: nyasi zilipungua, vikaja vichaka vya majani mabichi mwaka mzima, mimea ya kupanda juu ya miti, na chini kukawa giza.

Hebu fikiria hilo kidogo. Msitu mmoja, na chini yake kuna dunia tatu tofauti kabisa, na kinachoamua ni tarehe ya kiberiti. Sababu mojawapo ni kwamba miombo hutoa majani mapya Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, mkiwa mmesahau hata wingu linafananaje. Yale majani mekundu mekundu mliyoyaona kwenye picha za Katavi ndiyo hayo. Moto wa Oktoba unaukuta mti umetoa kila ulichokuwa nacho.

Je, wenyeji walikuwa hawalijui hili mpaka Trapnell aje na rula yake? Hapa naomba tusimame, maana ndipo siasa ilipo. Kusini mwa Ziwa Tanganyika, hasa kwa Wabemba, kulikuwa na kilimo kinachoitwa chitemene. Wanaume walipanda mitini, wakakata matawi tu, shina likabaki hai. Matawi yakakusanywa mahali pamoja kutoka eneo kubwa mara kadhaa kuliko shamba lenyewe, yakachomwa karibu na mvua, na ulezi ukapandwa kwenye majivu. Kisha wanahama na miti inachipua. Mtawala aliyefika na kuona mti usio na kichwa alipigwa na bumbuazi. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Waingereza iliyotawala Rhodesia ya Kaskazini ilijaribu kuipiga marufuku chitemene kwa sababu ni uharibifu, na ikashindwa. Audrey Richards, aliyeishi na Wabemba miaka ya 1930, alieleza kwa kina jinsi kazi hiyo ilivyofanyika. Henrietta Moore na Megan Vaughan walirudi kwenye suala hilo katika kitabu chao cha mwaka 1994, wakaonyesha jinsi kila kizazi cha wataalamu kilivyotangaza kwamba chitemene inakufa kesho.

Nilipofika hapo katika kusoma nilijisikia vibaya, maana na mimi nilitangaza jangwa.

Na huku kwetu? Ufipa walifua chuma. Mabaki ya matanuru yao, malungu, marefu kumzidi mtu, bado yanaonekana, na tanuru la chuma linakula mkaa bila huruma. Huwezi kufua chuma kwa vizazi na vizazi bila kukata miti kwa vizazi na vizazi. Sina namba za kuwapa, lakini inatosha kuua ile picha ya msitu bikira ambao mtu mweusi ameanza kuuchezea juzi. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 alichokiandika akitokea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alidai kwamba kabla ya ukoloni watu wa nchi hii walikuwa wameidhibiti pori na mbung'o wake kwa kulima, kuchoma na kufuga, na kwamba sotoka ya miaka ya 1890, njaa na vita vya ukoloni ndivyo vilivyovunja udhibiti huo. Wanahistoria wengine wamembishia kwamba alipaka rangi nzuri mno. Sawa. Lakini pori lilirudi, hilo halibishaniwi.

Kisha ukaja ugonjwa wa malale. Aina kali iligunduliwa Maswa mwaka 1922, na miaka iliyofuata serikali ya Waingereza ikawahamisha watu wengi wa magharibi ya nchi kutoka vijiji vilivyotawanyika na kuwaweka pamoja katika makazi makubwa. Mashamba waliyoyaacha hayakubaki mashamba. Ukisafiri leo na treni ya Mpanda ukaona msitu unaodhani ni wa tangu Nuhu, kumbuka kwamba sehemu zake zinaweza kuwa mahame ya watu yaliyochipua upya.

Huko Shinyanga mambo yalikwenda kinyume, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni hadithi ninayoipenda. Mwingereza aitwaye Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o mpaka alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938, aliendesha vita dhidi ya pori. Maelfu ya watu waliitwa kukata vichaka ili mbung'o wakose kivuli. Moto wa kuchelewa, ule ule ulioua miti ya Ndola, yeye aliutumia kama silaha kwa makusudi. Adui yao mkubwa akawa nani? Kisiki. Walikata, kikachipua. Ilibidi warudi kufyeka machipukizi, na kurudi tena. Miaka ikapita, ikaja pamba, ng'ombe wakaongezeka, vikaja vijiji vya ujamaa ambavyo viliwatenganisha watu na ngitili zao, yaani yale malisho waliyozoea kuyafunga msimu wa mvua ili yawafae kiangazi. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa imechakaa kweli kweli. Mwaka 1986 ikaanzishwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Walipanda miche, ndiyo, lakini kilichofanya kazi zaidi ni kufunga eneo na kuliacha. Ngitili zikarudi kwenye zaidi ya hekta 300,000. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikuletwa na gari la serikali. Ilikuwa chini muda wote, baada ya miaka hamsini ya kupigwa vita. Dodoma siku hizi wana mpango unaofanana na huo na wameupa jina zuri kuliko lolote ambalo ningelibuni: Kisiki Hai.

Turudi Mpanda. Mji huu ulikuzwa na madini. Reli ya kutoka Kaliua ilifika mwaka 1950 kwa ajili ya risasi ya mgodi wa Uruwira, na mgodi ukafungwa mwaka 1960. Mgodi unataka magogo na mji unataka kuni, lakini hiyo ilikuwa miaka kumi tu, na miombo ilisahau. Mabadiliko makubwa yalikuja na jembe. Wakimbizi kutoka Burundi walioyakimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi Katumba, na baadaye, mwaka 1978, Mishamo. Walipewa msitu wakaambiwa walime, wakalima, tena sana, wakawa wanalisha wengine. Naomba nieleweke: siwalaumu. Zaidi ya watu 162,000 wa makazi hayo na Ulyankulu walikubaliwa uraia, vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014, na ni ndugu zetu.

Ninachosema ni kwamba jembe halifanani na shoka. Mkata mkaa anataka shina, kisiki anakiacha kwa sababu hakina faida ya kumtoa jasho. Mkulima wa tumbaku anataka matuta yaliyonyooka, kwa hiyo anang'oa kisiki, anakichoma mpaka mizizi. Halafu tumbaku ya mvuke inahitaji kuni za kukaushia kwenye mabani, na shamba likiingiwa na minyoo fundo anahamia jipya. Huyu anakata mara mbili. Msitu wake wa chini ya ardhi ukishang'olewa, hata umlindie moto miaka ishirini, utaanza na mbegu, na mbegu za miombo haziruki mbali.

Wataalamu wanatuambia nchi inapoteza zaidi ya hekta 460,000 za misitu kila mwaka. Namba hiyo inatisha na inapaswa kutisha. Lakini ukiisoma kwenye gazeti, haikuambii ni hekta ngapi zina visiki hai chini yake na ni ngapi zimeng'olewa. Kwa mtu anayeuza uyoga, hiyo ndiyo tofauti yote.

Naam, uyoga. Siku ya mwisho nilimkuta mama mmoja kando ya reli na beseni la uyoga wa rangi ya chungwa, wenye harufu nzuri. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba mwanangu, nikupimie la ngapi?" Nilinunua wa elfu mbili ili nipate ruhusa ya kumsumbua kwa maswali. Huo uyoga haumei popote. Uzi wake umejifunga kwenye mizizi ya miti hai ya miombo, unaupa mti maji na chumvi za udongo, mti unaupa sukari. Mizizi ikifa, nao umekwisha. Alinieleza kwamba kwenye eneo lililokatwa karibuni haendi kabisa, ni nyasi na nyoka tu, hakuna kitu. Anakwenda kwenye miti mikubwa. Lakini kuna vichaka vilivyokatwa zamani, vile ambavyo machipukizi yamefika kimo cha nyumba na nyasi chini zimeanza kukonda, huko umeanza kutoka tena, mdogo mdogo. Nikamuuliza ni miaka mingapi tangu vikatwe. Akafikiri, akasema wakati vinakatwa mtoto wake wa pili alikuwa bado mgongoni, na sasa anasoma sekondari.

Huko Kilosa kuna vijiji ambavyo tangu mwaka 2012 vimekuwa kwenye mpango wa kukata mkaa kwa zamu: viwanja vya mita 50 kwa 50, kimoja kinakatwa, cha jirani kinaachwa, kama bao la drafti, visiki haviguswi, na mzunguko umepangwa kuwa wa miaka 24. Nikiweka hesabu ya yule mama pembeni ya hiyo 24 naona haziko mbali. Ila Kilosa kuna ofisi ya kijiji yenye ramani na risiti. Mpanda nilikopita hakuna anayejua kiwanja hiki kilikatwa lini na zamu yake ijayo ni lini. Wenye mizinga ndio walinzi pekee niliowaona, na wao wanalinda kwa sababu mzinga uliotundikwa juu ya mti hauvumilii moto wa Septemba. Mizengo Pinda, mtu wa huku huku, alipokuwa Waziri Mkuu aliupigia debe sana ufugaji wa nyuki, na kuna waliomcheka. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Nimempigia simu yule bwana misitu. Nikamwambia kuhusu kichaka kinachonizidi kimo na kuhusu nyasi za ng'ambo ya njia. Hakushangaa hata kidogo. Akaniuliza kama nilichimbua visiki vya upande wa nyasi kuona kama bado vina uhai. Sikuchimbua. Kwa hiyo mwezi wa sita narudi, treni ile ile, safari hii na jembe dogo, na nitakaa mpaka nione ni nani anawasha kiberiti na siku gani.